Wauza mashine za kahawa za kapsuli za bei chee, mnatuumiza!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Hizi mashine ndogo za kahawa za kapsuli (vikopo vidogo vyenye kahawa ya kikombe kimoja, unatumbukiza na kutupa) zinazouzwa kwa bei chee Kariakoo na Instagram ni mtego, na wanaoziuza wanajua.

Dukani mhudumu aliniambia kwa kinywa chake kwamba kapsuli zipo supermarket yoyote. Hazipo. Zilizopo ni za aina nyingine, na haziingiliani! Kapsuli ya Nespresso Original haikai kwenye Vertuo, ambayo ni mashine ya Nespresso hiyohiyo; ya chapa ya Dolce Gusto haikai kwenye yoyote kati ya hizo mbili, na K-Cup ya Wamarekani ni kitu kingine kabisa. Mashine kama yangu inakula aina moja tu. Aina hiyo ikikosekana mjini, umebaki na pambo la jikoni.

Na msiniambie ni bahati mbaya. Mwaka 2014 kampuni ya Keurig kule Marekani, wenye hizo K-Cup, iliweka kwenye mashine zake mpya kihisi cha kuzikataa kapsuli za watengenezaji wengine. Wateja wakaja juu, na mwaka uliofuata kampuni ikarudisha kichujio cha kujazia kahawa yako mwenyewe. Wenzetu walisikilizwa. Mimi duka limeacha kupokea simu zangu.

Njooni kwenye bei sasa. Kapsuli ndogo ina kahawa kama gramu 5. Nilikuja kuzipata kwa mtu anayeagiza Dubai, shilingi 2,000 kila moja. Pigeni hesabu wenyewe: kapsuli 50 ndiyo robo kilo ya kahawa, kwa shilingi 100,000! Robo kilo ya kahawa ya unga iliyokaangwa hapahapa nchini haifiki hata robo ya hela hiyo. Mashine wanaiachia kwa bei ya chini kwa sababu wanajua utarudi kununua kapsuli kila wiki, mpaka uchoke.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kahawa tunayo. Arabika inalimwa Kilimanjaro, Mbozi na Mbinga, robusta inatoka Kagera. Sehemu kubwa inapakiwa melini ikiwa ghafi, mkulima analipwa bei ya ghafi, halafu sisi tunauziwa gramu 5 ndani ya alumini kama vile tumepewa zawadi.

Ladha yenyewe? Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa "bar 19". Bar ni kipimo cha mgandamizo unaosukuma maji kwenye kahawa, na espresso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, inahitaji bar 9 hivi. Hiyo 19 ni nguvu ya juu kabisa ya pampu, haikwambii chochote kuhusu kitakachoingia kwenye kikombe. Kilichoingia changu ni maji ya uvuguvugu yenye povu juu. Mzee wa kahawa pale kijiweni, na mdeli wake na jiko la mkaa, anatoa kahawa ya moto na chungu kweli, kwa bei ambayo ni aibu kuilinganisha na hii.

Kwa wanaotumia maji ya kisima kama sisi huku, jiandaeni. Maji yana chumvichumvi ya chokaa, na mashine inayachemshia kwenye njia nyembamba sana. Ukoko mweupe unajijenga humo ndani, maji yanaanza kutoka kwa kudondoka, mwisho pampu inanguruma tu. Nikaipeleka kwa fundi. Skrubu zake ni za kichwa cha ajabu, bisibisi ya kawaida haishiki, na hata angeifungua, spea hakuna. Ukirudi dukani unaambiwa waranti haihusu "matumizi mabaya". Kuweka maji na kapsuli ni matumizi mabaya?

Takataka nazo sijui nani anazihesabu. Alumini, plastiki na machicha mabichi vyote kwa pamoja. Waokota chupa hawazigusi, zinaishia dampo la Pugu. Jiji la Hamburg, Ujerumani, mwaka 2016 lilizuia ofisi zake kununua kapsuli hizi kwa fedha za umma, na wao wana viwanda vya kurejeleza.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Basi muuzaji aandike kwenye boksi, kwa Kiswahili: kapsuli ya aina gani, inapatikana wapi, bei gani, na nani anatengeneza mashine ikiharibika. Mimi nimeshaandika barua yangu ya kudai hela, na risiti ninayo. Mwenye mashine kama hii aweke hapa picha ya boksi na ya risiti, tuyapeleke malalamiko kwa pamoja.