Naomba ushauri: mama yuko kwenye dripu za saratani, shangazi kaleta majani ya mstafeli

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama yangu ana saratani ya titi, wiki ijayo anaingia mzunguko wa tatu wa dripu ya paklitakseli, dawa ya kuua seli za saratani. Shangazi kaja na majani ya mstafeli, anachemsha, anataka mama anywe kutwa mara tatu na dripu aachane nazo. Anasema mstafeli unaua seli za saratani tu, zilizo nzima hauzigusi.

Nimesoma nilivyoweza. Ni kweli majani yale yana kemikali ziitwazo asetojenini, na maabara zimeziona zikiua seli za saratani kwenye vyombo. Lakini chombo si mwili wa mama. Tena kule Guadeloupe, visiwa vya Karibi, watafiti waliuhusisha ulaji mwingi wa mstafeli na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na mwili kukakamaa. Hilo linanitisha sana.

Nilimweleza shangazi kwamba hata hiyo dripu asili yake ni mti: magome yaliyokusanywa Marekani 1962, dawa ikaidhinishwa 1992, miaka 30 ya kuchunguza na kupima. Nayo bado haichagui vizuri seli za kuua, ndiyo maana nywele za mama zimeisha. Hakunielewa, na yeye ndiye aliyenilea.

Dripu hatuachi. Aliyewahi kuuguza, ulimwambiaje mkubwa wako bila kumvunja moyo? Na madaktari au wafamasia mliopo: mama ameshakunywa siku nne, nimpigie daktari wake leo au nisubiri kliniki ya Jumanne? Kuna kipimo cha ini cha kuomba kabla ya dripu?