Naomba ushauri: je, misuli ya mtoto inaweza kupimwa kwa umeme bila sindano?

Mama wa Ujiji
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Mwanangu wa kiume ana miaka 7. Huanguka mara kwa mara, na akitaka kuinuka mkekani hujikongoja kwa kushika magoti, kisha mapaja, ilhali vigimbi vyake vimenenepa kama vya mcheza mpira. Kwa muda mrefu tuliambiwa ni ini, kwa sababu vimeng'enya vyake vilikuwa juu. Sasa daktari anashuku distrofia ya misuli, yaani ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli polepole, naye ametaja kipimo cha kuchoma sindano ndani ya msuli. Nimesikia kuna kipimo kinachopitisha umeme juu ya ngozi bila maumivu. Je, nikiombe hicho, hata ikinilazimu kupanda treni hadi Dar es Salaam?

Mtaalamu wa Viungo, Tabora
Pole sana, dada. Kipimo hicho kipo. Elektrodi (vipande vya kupitishia umeme) hubandikwa juu ya ngozi na mkondo geu dhaifu, yaani umeme unaobadili mwelekeo, hupitishwa, mara nyingi wa karibu kilohezi 50. Utando wa seli za msuli wenye afya huhifadhi chaji kama kapasita, hivyo volteji huchelewa kidogo nyuma ya mkondo. Msuli unapokufa na mahali pake kujaa mafuta na kovu, uchelewaji huo hupungua. Wakati wa kupimwa mtoto hahisi chochote. Lakini hakitaji jina la ugonjwa. Watafiti ndio wanaokitumia zaidi, kufuatilia jinsi misuli inavyodhoofika au kama dawa inasaidia. Usisafiri kwa ajili yake.

Mama Mwenzako, Kasulu
Wangu ana Duchenne, aina mojawapo ya distrofia ya misuli, na hakuchomwa sindano ya msuli. Walipima kreatini kinase, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoharibika, kwenye damu, ikawa juu mno, kisha jeni ya distrofini, protini inayolinda misuli. Hata vile vimeng'enya mlivyodhani ni vya ini hutoka pia kwenye misuli inayoharibika. Jambo hili liliniumiza nilipolijua, kwa miaka tuliyopoteza. Muulize daktari kuhusu damu kwanza, halafu kuhusu prednisoloni, dawa ya steroidi, na kupimwa moyo.

Mama wa Ujiji
Ahsanteni sana. Kesho nitamuuliza. Ana dada yake mdogo, naye apimwe?

Mtaalamu wa Viungo, Tabora
Jeni ya mwanao ikishajulikana, anza wewe mama. Ukiwa mbebaji, yaani una jeni yenye kasoro unayoweza kuwarithisha watoto, binti naye huenda akawa mbebaji, nawe utahitaji kupimwa moyo.