c-Fos: hesabu za madume zinakaribiana, za majike zimetawanyika

Pipeti20
Wakuu, msaada. Panya ni C57BL/6 (ukoo wa maabara) wa wiki 10, madume 8 na majike 8. Kila mmoja anawekewa pamba yenye mkojo wa dume juu ya wavu wa kizimba. Baada ya dakika 90 ubongo unatolewa, unakatwa vipande vya mikromita 40, kisha zinahesabiwa seli zenye c-Fos (protini inayoonyesha seli za neva zilizoamka) kwenye MeA na BNST, sehemu za ubongo zinazopokea ishara za harufu. Madume wako sawa. Majike, wengine wanawaka sana, wengine ni kama hawakunusa kitu. Niongeze idadi?

pua_ya_pili
Usiongeze panya, shusha pamba kwanza. Protini za mkojo wa dume, darcin ikiwemo, hazipai hewani. Panya asipogusa kwa pua, kiungo cha vomeronazali (kiungo cha pili cha kunusa, ndani ya pua) hakivuti kitu. Anachopata ni harufu nyepesi inayopita kwenye pua ya kawaida. Weka mikrolita 50 kwenye karatasi ya chujio sakafuni na urekodi video, ili asiyegusa umtoe kwenye hesabu. Mkojo changanya wa madume kadhaa, ugawe kwenye vichupa vidogo, uweke kwenye nyuzi -80, na kichupa kikishayeyuka usikirudishe.

Angalia pia aina ya panya. Kama unategemea ESP1, ile peptidi ya machozi ya dume, madume wa C57BL/6 karibu hawaitoi. Tumia wa ukoo wa BALB/c.

siku_ya_nne
Hilo la wavu ni kweli, ila halielezi kwa nini madume wametulia. Umewapima majike wakiwa siku gani ya mzunguko? Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba projesteroni ya daiestrasi (siku za mzunguko ambazo jike hayuko kwenye joto) huzima seli za vomeronazali zinazopokea MUP (protini kuu za mkojo) za dume, kwa kupunguza PLCβ2, kimeng'enya kinachopitisha ishara ndani yake. Ishara za paka zinaendelea kupokelewa kama kawaida. Kwa hiyo hao "wasionusa" huenda pua zenyewe zimefungwa kwa siku hizo, na ukichanganya siku zote kwenye kundi moja unapata huo mtawanyiko.

Kila asubuhi saa ile ile, suuza uke kwa mikrolita 20 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, tone liweke kwenye kioo, tazama kwa darubini. Seli za duara zenye viini: proestrasi (joto linakaribia). Seli bapa kavu zisizo na kiini, zimerundikana: estrasi (joto lenyewe). Chembe nyeupe za damu zimejaa: daiestrasi. Fuata mizunguko miwili kabla ya kupima. Majike waliojazwa kizimba kimoja bila dume huchelewa kuingia joto. Wawekee matandiko machafu ya dume, wengi wataingia siku ya tatu.

Pipeti20
Si bora kutoa ovari na kuwachoma homoni, wote wawe sawa?

siku_ya_nne
Inawezekana: subiri wiki mbili baada ya upasuaji, kisha estradaioli benzoeti (estrojeni ya sindano) mikrogramu 10 saa 48 kabla na 5 saa 24 kabla. Projesteroni ya saa 4 hadi 6 kabla ni ya wanaopima lodosisi, mkao wa jike wa kukubali kupandwa. Wewe unapima kunusa. Ukiiongeza unarudisha homoni ile ile unayoikimbia.

pua_ya_pili
Jambo moja zaidi. Mkojo wa dume kwa jike ni mchumba, kwa dume ni mpinzani, kwa hiyo kulinganisha jinsia kwa mkojo huo peke yake hakutoshi. Ongeza mkojo wa jike, na maji kama kidhibiti. Rekodi za umeme za mwaka 2014 zilionyesha MeA ya jike ikiegemea ishara za dume, na ya dume ikiegemea za jike. Unapohesabu, tenganisha MeA ya nyuma-juu na ya nyuma-chini: ya kwanza inahusiana zaidi na uzazi, ya pili na kujihami. Ukizijumlisha, tofauti inaweza kumezwa. Na anayehesabu asijue kipande ni cha nani.

Pipeti20
Nimeelewa. Pamba inashuka leo, suuza inaanza kesho asubuhi.

siku_ya_nne
Na madume nao washikwe kila asubuhi kwa muda uleule. Vinginevyo utapima tofauti ya kushikwashikwa.