Nataka kununua picha ya Salgado ya kambi ya wakimbizi ya Benako, 1994. Mama watoto hataki. Naombeni ushauri

Boza_la_Maji (Tanga)

Wakuu salaam. Huwa nasoma tu humu na kucheka, leo ndiyo mara ya kwanza kufungua uzi, maana nimekwama.

Mwaka 1994 nilikuwa dereva wa boza la maji kule Ngara. Waliokuwepo wanakumbuka: mwishoni mwa Aprili, ndani ya kama saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania, wakati wa mauaji ya kimbari kwao. Benako ikawa mji kabla hatujajua hata vyoo vichimbwe wapi. Nilikuwa kijana, nalala chini ya gari.

Sasa mwaka huu nimemtembelea mwanangu Brussels. Tukapita kwenye duka moja linalouza picha za wapiga picha wakubwa. Nimeingia mlangoni tu, hiyo hapo ukutani: Benako. Moshi wa kuni mbichi ule ule, na watu mpaka jicho linachoka. Nikaanza kukohoa. Mwanangu akadhani ni baridi.

Aliyepiga ni Sebastião Salgado, Mbrazili, amefariki Paris Mei 2025 akiwa na miaka 81. Tangu siku ile nimekuwa mgonjwa wa kazi zake. Kumbe alikuwa mchumi wa shirika la kahawa, akaanza kupiga picha kwa kamera ya mkewe Lélia, na 1973 akaacha kazi ya mshahara. Ametembea Sahel wakati wa ukame, ameingia kwenye shimo la dhahabu la Serra Pelada kwao Brazil, na karibu kazi zake zote kubwa ni nyeusi na nyeupe.

Bei ya hiyo picha ni bajaji mbili mpya. Kiinua mgongo kipo. Nitajuaje ni halisi? Itaishi na hewa hii ya Tanga? Na la tatu ndilo linaniuma. Mama watoto kaniuliza: "Watu wako kwenye dhiki, wewe unawatundika juu ya kochi?" Sina jibu.

Mzee_wa_Kahawa

Bajaji mbili zinazokaa ukutani haziingizi hata mia kwa siku. Haya, waje wataalamu.

Chumba_cha_Giza

Mkuu, nimesafisha picha Arusha enzi za mkanda, kwa hiyo hapa nitasema kidogo.

Kwanza uliza imechapwaje. Picha zake za miaka ile zilizochapwa kwa njia ya zamani ziko kwenye karatasi yenye chumvi za fedha: mwanga unapita kwenye negativu, yaani ule mkanda uliopigiwa picha, unaangukia karatasi, karatasi inaingia kwenye dawa. Weusi wake hautokani na wino, ni fedha yenyewe ndani ya utando mwembamba wa jelatini. Shika lenzi ya kukuzia uichungulie. Ukiona vitone vya wino vimepangana, hiyo ni ya printa au bango la maonyesho, hata kama wameifunga fremu ya dhahabu.

Kisha mwambie kijana aombe kuona mgongo. Za kwake zinazouzwa kwenye minada huwa na sahihi, jina la mahali na mwaka kwa penseli nyuma, na mhuri wa kubonyeza ukingoni, ule usio na wino, unaousikia kwa kidole. Hakuna hivyo vitu, ondoka. Vipo, bado dai risiti na maelezo ya nani aliimiliki kabla.

Jambo moja linawachanganya wengi: 1994 ni mwaka wa kupigwa. Karatasi inaweza kuwa imechapwa miaka kumi baadaye kutoka negativu ileile. Zote ni halali, lakini ile ya karibu na tukio huwa ghali zaidi. Uliza mwaka wa karatasi, usilipie mwaka wa kamera.

Zenji_Halisi

Mzee wangu, shikamoo. Kama wataka kuanza kukusanya, kwa nini uanzie juu ya mnazi? Panda boti uje Mji Mkongwe, barabara ya Kenyatta, uulize Capital Art Studio. Aliifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Picha za nyeusi na nyeupe zimejaa humo: enzi za masultani, majahazi, vichochoro. Wachagua, walipa, wateremka bandarini na mfuko wako. Jicho hujifunza kwa vitu vidogo. Na usimsahau Mohamed Amin, Mkenya aliyekulia Dar, aliyepiga Mapinduzi yetu 1964 na njaa ya Ethiopia 1984. Huyo wa nyumbani kabisa.

Boza_la_Maji

Marahaba mwanangu. Nitakuja. Ila Zanzibar sikubeba maji.

Binti_wa_Rusumo (Kigali)

Mzee, mimi niliishi Benako nikiwa na miaka tisa.

Wapiga picha siwakumbuki. Nakumbuka kopo la mafuta ya msaada ambalo mama alilitoboa akalitia kamba, ndiyo ilikuwa ndoo yangu. Boza likipiga honi tulikimbilia nyuma kwenye bomba, wakubwa wanatupita, unafika maji yamebaki ya kuchuruzika.

Kwa hiyo mama watoto ana haki ya kuuliza, na si yeye wa kwanza. Salgado alisemwa miaka mingi kwamba anaipamba dhiki mpaka inapendeza. Mimi shida yangu ni nyingine. Katika moshi ule walikuwepo waliokimbia na walikuwepo waliotoka kuua, na tulipanga foleni moja. Picha haisemi yupi ni yupi. Mgeni akija sebuleni kwako akasema "masikini wakimbizi", utaanzia wapi kumweleza?

Mimi nisingeitundika. Kwetu ukutani ipo moja tu ya kabla ya 1994, ya baba, ya pasipoti, imekuzwa mpaka macho yamekuwa ukungu. Lakini wewe ulikuwa kwenye usukani, hukuwa kwenye foleni. Labda kwako ni picha ya kazini.

Mzee_wa_Kahawa

Dada, pole. Nimefuta utani niliokuwa naandika.

Naongeza moja. Huyo Salgado baada ya Rwanda aliumwa, akaacha kamera, akarudi shamba la wazazi wake Minas Gerais. Yeye na Lélia wakaanzisha Instituto Terra 1998, taasisi ya kurudisha msitu, wakapanda miti zaidi ya milioni 2. Baadaye ndiyo akarudi na picha za barafu na misitu. Nunua barafu basi, Tanga joto.

Chumba_cha_Giza

Kuhusu joto: adui ni unyevu. Jelatini ikilowa inanata. Picha ya harusi yangu fundi aliibana moja kwa moja kwenye kioo, masika mawili tu, shela la mke wangu likagandia. Nilipoivuta, uso ulibaki kwenye kioo.

Kwa hiyo iachanishwe na kioo kwa karatasi nene isiyo na asidi, yenye dirisha katikati. Nyuma usiweke mbao laini wala gundi. Itundikwe ukuta wa ndani, jua lisiipige, na mvua zikianza iteremshe uangalie koga. Mkiwa na kiyoyozi chumba cha kulala, ikae huko.

Boza_la_Maji

Nimerudi, wakuu. Binti wa Rusumo, nisamehe ile honi. Tulikuwa tunaogopa kugonga watoto.

Sijalipa bado. Kijana kanitumia kwa simu mgongo wa picha: penseli, Tanzania, 1994, sahihi, na mhuri upo ukingoni. Karatasi bado anauliza mwaka. Nikampa mama watoto aione mbele. Akavaa miwani, akaikuza kwa vidole, akaipeleka huku na huku muda mrefu bila kusema. Halafu akaniuliza boza langu lilikuwa wapi.

Nikamwonyesha kwenye kitambaa cha meza, pembeni ya simu, kushoto.

"Kumbe hata hukutokea," akasema, akaenda kuipua ubwabwa.