Mpwa wangu anaenda kusomea umeme na kompyuta: naomba mwongozo

Ndugu zangu wa Kusini mlioko nje, habari za huko. Mtoto wa dada yangu kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), na amepata chuo Marekani kusomea uhandisi wa umeme na kompyuta. Chuo kinabeba nusu ya ada, nusu iliyobaki ni mimi na korosho. Anaondoka Agosti. Naomba kujua, vijana wetu huko huangushwa na nini?
Mjomba, Newala

Shikamoo mjomba. Hongera sana, na mama yake mpe hongera.

Nilisoma kozi hiyohiyo nikitokea Mikindani. Si Kiingereza wala baridi iliyoniangusha, ni mpangilio wa masomo. Saketi za kwanza zinadai uwe umefaulu kalkulasi na fizikia ya umeme. Saketi za pili zinadai za kwanza, na mbele yake kuna somo la ishara na mifumo (Signals and Systems) linalodai zote. Nilifeli kalkulasi ya pili. Chuoni kwetu saketi zilifundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, basi somo moja likanila mwaka mzima. Mama aliuza kipande cha shamba la mikorosho ili nibaki chuoni. Kwa hiyo wiki ya kwanza kijana amwombe mshauri wake chati inayoonyesha somo gani linafungua lipi, na aibandike ukutani.

Hesabu za kidato cha sita asizisahau. Zile namba changamani tulizokariri bila kujua kazi yake ndizo zinazokokotoa umeme wa mkondo geu. Huko ataziona zimeandikwa kwa j badala ya i, maana kwenye umeme i tayari ni alama ya mkondo.

Pengo lake litakuwa kwenye programu. Baadhi ya wenzake wameanza kuziandika wakiwa watoto. Mtafutieni kompyuta, hata iliyotumika, aanze lugha ya C au Python sasa hivi. Aandike programu ya kupiga hesabu ya kilo za korosho na makato ya AMCOS, chama chetu cha ushirika. Hiyo hesabu anaijua, ataona mwenyewe akikosea. Halafu akae kwa fundi redio wiki mbili, azoee multimita, kile kipimo cha umeme, na kuunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha (solder).

Ada hudaiwa Agosti, na minada ya korosho huanza Oktoba. Andikeni mapema chuoni kuomba kulipa kwa awamu. Kazi asiitegemee sana: viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo. Somo likimzidi asiliache kimyakimya, kwa sababu lazima abaki na krediti 12 kwa muhula. Aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Jagi la umeme aliache nyumbani. Kwetu ni volti 230, kule 120, litatoa kama robo ya nguvu yake.
Wa Mikindani

Shikamoo mjomba. Naongeza moja: kabla hamjalipa, hakikisheni kozi yenyewe, si chuo tu, ina ithibati ya ABET, chombo cha Marekani kinachokagua kozi za uhandisi. Akirudi, shahada yake itapitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), na akitaka kufanya kazi kama mhandisi atajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Atunze muhtasari wa kila somo.
Wa Nachingwea

Marahaba wanangu. Chuoni tumeandika leo kuhusu awamu. Kompyuta tutaifuata Masasi Jumamosi. Wa Mikindani, nitajie iwe na nini ndani, nisiuziwe mbovu.
Mjomba