Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza kuhariri Wikipedia, nani alikupokea?

Mwana wa Langoni
Salaam aleikum wenzangu. Jana baada ya Isha nimekaa zangu barazani, akaja kijana wa jirani na simu mkononi: "Ami, nataka kuandika habari za kijiji cha Kipungani, hapa Lamu, kwenye Wikipedia ya Kiswahili, naanzia wapi?" Nikamwambia aje wikendi, maana nilitaka kwanza nisikie kwenu. Humu ndani najua wapo wanaohariri na wapo waliojaribu wakakimbia. Mlipokelewaje?

Mimi kitu cha kwanza kilichonifikia ni kile kigezo cha Karibu, yaani ujumbe ulioandikwa tayari ambao hubandikiwa wageni. Viungo juu hadi chini: miongozo, msaada, sanduku la mchanga (ukurasa wa kufanyia mazoezi), jumuia. Nikakifunga kama kilivyo. Kilichonirudisha ni mtu aliyeniandikia baadaye kwenye ukurasa wangu wa majadiliano, mistari miwili tu. Kanishukuru kwa kurekebisha habari za Mokowe, halafu kaniuliza kama naweza kuitazama na makala ya Matondoni. Wallahi, asingeuliza lile swali nisingekuwepo leo.

Bi wa Shela
Mimi hakuna aliyenipokea. Naingia, narekebisha, natoka. Akaunti sina na siitaki.

Mwana wa Langoni
Sasa Bi, bila akaunti nani atakusalimu?

Bi wa Shela
Salamu napata nyumbani.

Kizingitini Kwetu
Afadhali nyinyi mliingia. Mimi nimebonyeza "Hariri" kwa mara ya kwanza maishani mwangu naambiwa nimezuiwa. Sijaandika hata herufi! Nikadhani kuna mtu ameiba jina langu. Kumbe kampuni za simu huwapanga wateja wengi kwenye anwani moja ya IP, ile nambari inayotambulisha intaneti unayotumia. Mtu mmoja asiyejulikana akiandika matusi, anwani inafungwa na sisi sote tuliomo tunafungwa naye. Ujumbe wenyewe ulikuwa mrefu, wa kitaalamu, mgeni hawezi kujua kama ametukanwa au ameelekezwa. Nilikaa mwaka mzima nikiamini Wikipedia haiwataki watu wa visiwani.

Hodi Hodi
Dawa yake ni kufungua akaunti kupitia intaneti nyingine, ya ofisini au ya rafiki. Na ikiwa hata ukiwa na akaunti bado unazuiwa, ombeni ruhusa ya kutoathiriwa na zuio la IP. Ruhusa hiyo ipo, na hutolewa kwa watu wasio na hatia kama wewe. Ila nakubali, mgeni hawezi kuyajua hayo.

Kizingitini Kwetu
Ndiyo nasema. Atayajua vipi na ameshafungiwa mlango?

Tanga Mbili
Mmenikumbusha jambo nilitaka kulisahau. Ngojeni niwape.

Tuliandaa warsha hapa Amu (ndio Lamu), ukumbi mdogo si mbali na Mkunguni, vijana zaidi ya kumi, modemu moja. Asubuhi yote ikaishia kwenye akaunti. Sita wa mwanzo wakafungua vizuri, wa saba akakataliwa, wa nane vilevile. Mfumo unaruhusu akaunti sita tu kwa siku kutoka anwani moja. Ukitaka zaidi unaomba mapema kiwango kipandishwe, au awepo mtu mwenye haki ya kuwafungulia wengine. Waliobaki wakatumia bando zao wenyewe. Hilo si kitu, hilo ni la kucheka.

Palikuwa na binti mmoja kutoka Matondoni. Huyu alikuja na babu yake, fundi wa majahazi, mzee wa bakora na kofia ya vito, akaketi mstari wa mbele kabisa. Binti alitaka kuandika namna jahazi linavyoundwa kwao. Basi anaandika na skrini iko ukutani, sote tunaona. Mzee anamfuata neno kwa neno: "La, mwanangu, anza na mkuku. Hanamu na fashini ndipo zifuate. Mataruma hayo umeyaweka kabla ya mbao za mwanzo, yatoe." Hizo zote ni sehemu za chombo: mkuku ni mti mrefu wa chini, mataruma ni mbavu zake. Kalafati wakaieleza, pamba inavyoingizwa katika maungio ya mbao. Sifa wakaieleza, mafuta ya papa. Deheni, shahamu na chokaa, kwa nini hupakwa chini ya chombo. Mimi ni mtu wa hapahapa na siku hiyo nilijifunza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia.

Akabonyeza "Chapisha". Makofi. Makofi hayajaisha, mtu akapakia ukurasa upya ili tuuone mzima, na juu yake limeshakaa bango: inapendekezwa ifutwe, haina vyanzo.

Ukumbi ukanyamaza. Mzee macho yake hayafiki ukutani, akauliza, "Wasemaje?" Binti hajibu. Ikabidi niseme mimi: "Babu, kuna mtu asema maneno haya hayana ushahidi." "Yuko wapi mtu huyo?" "Hatumjui, Babu. Huenda hayuko hata Kenya." Mzee akagonga bakora chini: "Mwambieni aje Matondoni nimpe tezo." Watu wakacheka, mimi pia nikacheka, na binti akainuka akatoka nje. Shangazi mmoja akamfuata.

Jua la Manda
Subhanallah.

Bi wa Shela
Na huyo aliyebandika hakuandika hata salamu?

Kasri ya Malindi
Poleni Waamu. Kwetu Malindi hatuna tabu hiyo, vyanzo vimejaa. Vasco da Gama alifika kwetu 1498 na vitabu vyake havihesabiki.

Jua la Manda
Ndiyo maana makala zenu zote ni za Mreno na nguzo yake.

Kasri ya Malindi
Na twiga! Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika China mpaka kwa mfalme mwenyewe.

Jua la Manda
Basi alipokelewa vizuri kuliko huyu binti.

Zamu ya Usiku
Niseme kitu, najua nitapigwa mawe. Mimi ni katika wanaokaa kwenye Mabadiliko ya karibuni, ukurasa unaoonyesha kila kinachohaririwa, tukikagua.

Kizingitini Kwetu
KUMBE NI WEWE!

Zamu ya Usiku
Si mimi! Habari hii naisikia leo. Lakini najua bango lile linavyobandikwa. Tuko wachache na sote ni watu wa kujitolea. Usiku mmoja unakuta tangazo la duka, wasifu wa mgombea ulioandikwa na mgombea, mtu kaweka jina la mchumba wake katikati ya makala ya Kilimanjaro, na matini ndefu zilizotafsiriwa na mashine ambazo hata aliyeziweka hajazisoma. Katika lundo hilo inatokea makala nzuri ya majahazi isiyo na rejeo hata moja. Mimi simwoni babu, sioni ukumbi. Naona maandishi na akaunti iliyofunguliwa asubuhi ileile.

Pamoja na hayo, aliyefanya hivyo alikuwa na njia nyingine. Angefungua Historia aone ukurasa una dakika ngapi. Angengoja. Angeihamisha ikawa rasimu chini ya jina la mtumiaji, kazi isipotee, kisha amwandikie kwa mkono wake mwenyewe, si kwa kigezo. Wikipedia ya Kiingereza ina mwongozo mzima wa kutowauma wageni. Tatizo kigezo kinataka mbonyezo mmoja, na barua inataka kufikiri.

Hodi Hodi
Umesema vyema. Na hao wenye warsha nao waseme: kwa nini vijana wachapishe moja kwa moja? Kila mtumiaji anaweza kuwa na sanduku lake.

Tanga Mbili
Aliyetumwa kutufundisha alisema "chapisheni, hakuna kitakachovunjika". Muulizeni yeye.

Maalim wa Pate
Mnazunguka tu. Swali ni moja: mzee yule ni chanzo au si chanzo? Kama si chanzo, funga kitabu, maana habari za Siyu, Faza na Pate ziko vifuani mwa wazee.

Zamu ya Usiku
Maalim, kwa heshima zote, kwa kanuni za Wikipedia si chanzo mpaka maneno yake yachapishwe mahali. Msomaji aliye Tabora atayahakikisha vipi? Atampigia nani?

Maalim wa Pate
Mzungu aliyekuja kumhoji mzee huyohuyo akaandika kitabu, yeye ni chanzo?

Zamu ya Usiku
Ndiyo.

Maalim wa Pate
Haya.

Zamu ya Usiku
Najua inavyosikika, Maalim. Mimi sikuitunga.

Jua la Manda
"Haya" ya Maalim nimeisikia mpaka huku Manda 😂

Hodi Hodi
Njia zipo. Makumbusho ya hapa yana maandiko, majarida ya vyuo yameandika juu ya mitepe (vyombo vya zamani vya mbao zilizoshonwa kwa kamba) na majahazi ya pwani, na Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo nyaraka zake zinasomeka. Mgeni umfundishe kutafuta sentensi tatu zenye rejeo kabla hajaandika kumi zisizo nalo. Na mzee mrekodini video akiwa kazini, kwa ridhaa yake, muipakie Wikimedia Commons, ghala la picha na video zinazotumika Wikipedia. Hapo hakuna atakayemwomba ushahidi wa mkono wake mwenyewe.

Fundi Picha
Kwa kuwa umetaja Commons: waambieni wageni wasipakie picha iliyopitia WhatsApp! WhatsApp huondoa taarifa za kamera zilizomo ndani ya picha, na picha isiyo na taarifa hizo hutiliwa shaka kwamba umeiokota mtandaoni. Kijana mmoja niliyemsimamia alipiga mwenyewe picha ya Ngome, nzuri ajabu, akajirushia WhatsApp kisha akaipakia. Ikaja barua ya kumtaka athibitishe. Alikasirika mpaka leo hanisalimii, kana kwamba nimeiandika mimi. Pakieni faili halisi kutoka kwenye simu iliyopiga.

Bandari Salama
Warsha ijayo lini? Posho ipo?

Hodi Hodi
Posho ndiyo inayoua. Ikiisha, na wahariri wanaisha. Google walifanya shindano la makala za Kiswahili kwa wanafunzi, lilianza 2009, na waliozoea zawadi hawakukaa.

Fundi Picha
Umewahesabu? Wengine tulisikia Wikipedia kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mashindano. Na anayetoka Faza kuja Amu nauli ya boti atalipa nani, upepo?

Bandari Salama
Mimi nimeuliza tu.

Bi wa Shela
Tanga Mbili, umetuacha njiani. Binti aliishia wapi?

Tanga Mbili
Samahani Bi, nilikuwa baharini. Usiku uleule mwanamke mmoja, hatumjui mpaka leo, alimwandikia kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Hakumtupia kanuni. Alimuuliza: haya ya deheni umeyapata kwa nani? Akamwambia amepata kitabu kinachotaja kalafati na mataruma, ameshaweka rejeo, bango ameliondoa, na sehemu zisizo na chanzo amezihamishia kwenye sanduku la binti zikae huko mpaka zipatiwe. Akamaliza kwa kumwomba atazame makala za samaki kwa sababu majina ya pwani yanakosewa sana.

Binti alikaa kimya muda mrefu, halafu akajibu. Sasa anahariri samaki: changu, tewa, kolekole, nguru. Ya majahazi hajaigusa tena. Deheni iko palepale kwenye sanduku.

Maalim wa Pate
Basi wamempata mhariri na wamemkosa babu.

Zamu ya Usiku
Maalim, nipe jina la kitabu chochote chenye deheni, leo hii naiweka.

Maalim wa Pate
Nitakutazamia. Usinihesabu rafiki bado.

Mwana wa Langoni
Kwa hiyo kijana wangu nimwambie nini? Kwa ufupi tafadhalini.

Hodi Hodi
Asianze makala mpya. Arekebishe tahajia, aongeze viungo. Katika Wikipedia nyingi siku hizi akaunti mpya hupewa ukurasa wa kazi ndogondogo za aina hiyo.

Fundi Picha
Aanze Kipungani, ndiko kulikomleta. Ukimpa tahajia atalala.

Zamu ya Usiku
Aanze Kipungani ndani ya sanduku, na akimaliza amwonyeshe mtu. Aniandikie mimi.

Kizingitini Kwetu
Aangalie kwanza kama simu yake haijazuiwa 😂

Mvuvi wa Dijitali
Nimechelewa, nina swali. Nimeambiwa nikiandika kwenye ukurasa wa majadiliano niweke tilde nne mwisho ili jina na saa vitokee. Tilde iko wapi kwenye simu?

Hodi Hodi
Bonyeza ?123, kisha =\<, iko juu kushoto. Lakini si lazima, kitufe cha "Jibu" kinatia saini chenyewe.

Mvuvi wa Dijitali
Kwenye ukurasa wangu hakipo.

Hodi Hodi
Umeingia kwa akaunti yako?

Mvuvi wa Dijitali
Akaunti gani?