Yule jamaa wa kibanda cha gemu Mwanga kanipapasa kichwa mbele ya abiria wangu!!!

Gia_ya_Tatu (mwenye uzi)

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, mkiona herufi zimerukaruka mnivumilie.

Jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kandambili mbili zisizofanana, anayekula karanga na kushika pedi kwa mkono uleule. Mwanga nzima hapa Kigoma mnamjua. Ujiji mnamjua zaidi, maana amewakopa.

Leo saa kumi jioni KANIPAPASA KICHWA.

Nilikuwa nimepaki bajaji namsubiri mama mmoja aliyeingia sokoni kununua mawese. Nikasema niingie kibandani dakika tano tu. Gran Turismo 4, gemu ya mbio za magari, PS2 ile ya siku zote, skrini imegawanywa mara mbili, mimi juu yeye chini. Barabara ni ile ya Monaco. Nimeongoza tangu mwanzo, nimepanda kilima, nimepita kasino, namwona kwa mbali kama deni la mwaka juzi. Nikafika kona ya hoteli, ile inayojikunja mpaka unaona mgongo wako mwenyewe. Nikashika breki, kama mtu yeyote mwenye leseni.

Yeye hakushika. Breki yake nilikuwa mimi! Kaja mzima mzima, kanibamiza ubavuni, mimi nikabaki nautazama ukuta, yeye huyooo kwenye handaki.

Hilo ningesamehe. Lakini aliposhinda akaweka pedi chini, akafuta mkono kwenye suruali (karanga), akanipapasa utosini taratibu kama mtoto aliyetoka kutahiriwa, akasema: "Pole baba. Hii siyo Lumumba."

Na mama wa mawese alikuwa ameshatoka sokoni. Amesimama mlangoni na dumu lake. Kacheka mpaka dumu likacheka. Tumeingia kwenye bajaji, sijawasha hata injini, ananiuliza: "Dereva, tutafika kweli?"

TUTAFIKA KWELI. Mimi! Barabara ya Lumumba naipanda kutoka stesheni hadi Mwanga mara ishirini kwa siku, nina abiria watatu, magunia mawili ya dagaa na mbuzi mwenye mawazo yake binafsi. Huyo mtu hajawahi kuendesha hata toroli. Kwenye gemu unagonga ukuta, gari linarudi barabarani halina hata mkwaruzo. Mimi nikigonga ukuta bajaji nitaiuza kwa kilo.

Utosini, wakuu. Utosini!

---

Mtoto wa Katonga

Uzi hauna picha ya kichwa.

---

fundi_pedi

Mkuu tuanze na ukweli. Kwanza hiyo gemu haijaandika Monaco popote, imeandikwa Côte d'Azur. Wamechora barabara za Monaco wakaacha jina. Pili, Monaco halisi mzunguko mmoja ni kilomita 3.337, na Formula 1 wanauzunguka mara 78. Tatu, hiyo kona yako ya hoteli ndiyo ya taratibu kuliko zote kwenye Formula 1, wanaipita kwa spidi ya hamsini hivi.

Hamsini. Umeshindwa kwenye spidi ya bajaji yako mwenyewe.

---

Gia_ya_Tatu

Sijashindwa, nimegongwa! Na wewe unayejua sana ungemalizia: pale kabla ya hoteli palikuwa na stesheni ya treni, na kona yenyewe iliitwa kona ya stesheni. Sasa niambie, stesheni iko chini, kilima kinapanda, maji yako pembeni, huo ni mji gani? Reli imefika hapa 1914, wao mbio zao za kwanza ni 1929. Nani kamuiga nani?

Halafu magari yao kwa kona hiyo lazima yarekebishwe usukani ukunje zaidi ya kawaida. Bajaji inageuka palepale, haiombi ruhusa.

---

Mwisho wa Reli

😂😂😂 Monaco imeiga Kigoma. Naweka kiti hapa.

---

Shemeji wa Bangwe

Tofauti ni moja tu. Mwaka 1955 Alberto Ascari alitoka kwenye lile handaki, akapitiliza na gari lake mpaka baharini bandarini kwao. Akaibuka anaogelea, wakamwopoa na mashua. (Alikuja kufa siku nne baadaye, gari jingine, Italia huko. Maisha haya.) Sasa wewe pitiliza hapa uingie ziwani. Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Utakutana na migebuka ambayo haijawahi kuona binadamu.

---

Mwana wa Katonga Orijino

Kule bandarini hakufiki mita 1,470, acha kutisha watu. Na huyo hapo juu aliyetumia jina langu abadilishe.

---

Mnyamwezi Mtulivu

Watu wa Kigoma mna kilima kimoja na kelele za milima kumi. Njooni Tabora, barabara imenyooka, miembe kushoto, miembe kulia, unaendesha huku umesinzia na unafika.

Mimi kinachoniuma kwenye hizo gemu ni mifuniko ya mitaro. Monaco kabla ya mbio wanaichomelea kabisa isiinuke. Las Vegas mwaka 2023 mmoja ulilegea, Ferrari ya Carlos Sainz ikapasuka chini dakika chache tu baada ya mazoezi kuanza. Sasa hapa mtaani kwetu ukilala kuna mfuniko, ukiamka kuna shimo. Umeenda kwenye chuma chakavu. Gemu gani imeweka hiyo? Wangeweka, huyo wa karanga angelia.

---

fundi_pedi

Mifuniko afadhali. Kwangu watu wanarudisha pedi ina mafuta ya sambusa mpaka kitufe cha breki kinateleza. Kisha wanasema gemu mbovu.

---

Gia_ya_Tatu

Kwa hiyo unakubali breki ilikuwa na matatizo?

---

fundi_pedi

Nimesema kwangu. Wewe ulicheza kwake.

---

Abiria Mchovu

Subiri kwanza. Mwenye uzi, bajaji yako ndiyo ile ya bluu yenye stika ya simba imechanika sikio? Jumamosi ulinitoa stesheni hadi Ujiji, nikakupa elfu tano, ukasema "naenda kuchenji hapo kwa muuza vocha." Nimekaa chini ya mwembe nusu saa. Chenji yangu iko wapi?

---

Mtoto wa Katonga

Kumbe mbio anazijua!

---

Mwisho wa Reli

Monaco hakushinda, ila kwa chenji ya abiria ana rekodi ya dunia 😂

---

Gia_ya_Tatu

Muuza vocha alikuwa amefunga. Nilirudi ukawa umeondoka. Na bajaji za bluu ni nyingi. Jamani tunazungumzia KICHWA.

---

Binti Mawese

Samahani nauliza. Mama yangu karudi jioni hii anacheka peke yake tangu mlangoni, anasema dereva wake "kapapaswa." Ni wewe kaka? Basi nikuambie, uliposhuka pale Gungu kwa hasira ulikuwa unapita matuta kama hayapo. Dumu limevuja. Kanga yake mpya imekuwa ya rangi ya machungwa pande zote mbili.

---

Gia_ya_Tatu

Dada, shikamoo kwa mama. Kizibo cha dumu ni jukumu la mwenye dumu. Mwambie tulifika.

---

Shemeji wa Bangwe

Mawese yakishakauka kwenye kanga hayatoki, zawadia jirani.

---

Mke wa Mvuvi

Yanatoka. Usianze na maji, maji ndiyo yanayoyakaza. Mwagia unga kwanza unyonye mafuta, kisha sabuni ya mche pakavupakavu, sugua, ndipo maji ya moto.

---

Binti Mawese

Unga wa muhogo unafaa dada? Wa mahindi umeisha.

---

Gia_ya_Tatu

Kesho saa kumi narudi kibandani. Nitavaa helmeti.

---

Mke wa Mvuvi

Wa muhogo ndiyo mzuri zaidi, ila upepete kwanza usiwe na mabonge.